Nilichanganya Ngano ya Shemeji

Ninyi mlionifuata tangu pampu yangu ilipoungua na nyati wangu wa maziwa akafa siku hiyo hiyo, mmezoea kunihurumia. Mama mmoja aliniandikia kwamba mimi Nachhattar Singh nimerogwa. Asante, mama. Lakini leo weka huruma yako pembeni. Ya leo hayakuletwa na mchawi. Niliyafanya mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu zote.

Kwa aliyepitwa: mdogo wangu Jagtar alifariki akaacha mjane, Malkit Kaur, na mtoto mmoja wa kike, na ekari mbili zinazopakana na zangu. Miaka minne nimezilima mimi, tukigawana mavuno nusu kwa nusu. Mwaka huu Malkit akasema atalima mwenyewe. Nikacheka. Nikaenda kwa wazee, nikacheka na huko.

Baba mkubwa Bachittar Singh, ambaye neno lake kijijini kwetu halirudiwi, akakata shauri. Malkit alime msimu mmoja. Ngano yake ikitoka sokoni safi, kwa jina lake, shamba libaki mkononi mwake. Ikikataliwa, lirudi kwangu, na asilidai tena. Mzee alidhani sharti hilo kalitunga yeye. Nilimnong'oneza mimi.

Wiki iliyopita niliwaachia pale kiherehere kiliponiponza. Nilitaka kumtangulia sokoni, nikavuna ngano haijakauka. Mashine ya mkaguzi ikasoma unyevu asilimia kumi na nne nukta sita. Soko linataka usizidi kumi na mbili, basi. Ngano ya Malkit ilikuja siku mbili baadaye, juu ya trela langu, kwa dizeli yangu. Ikasoma kumi nukta nane.

Sasa tuendelee.

Siku ya tano nilikuwa bado nimekaa kando ya lundo langu kwenye sakafu ya soko, kama mgonjwa anayengoja kitanda. Wenzangu walikuwa wameshauza, wamekunywa, wamegombana na wake zao, wamepatana. Mimi nageuza ngano. Asubuhi nageuza, mchana nageuza, jioni nafunika turubai.

Dalali wetu, Lala Deshraj, akapita na mwavuli wake.

"Nachhattar, bado tu unalinda maiti?"

"Inakauka, Lala."

"Inakauka, au inakukausha wewe?"

Wapagazi wakacheka. Hata yule wa kushona magunia, ambaye huwa hacheki, akacheka.

Mkaguzi akaja na mashine yake. Akachota, akamimina, akangoja. Nikamwomba Guru kimoyomoyo.

"Kumi na mbili nukta tisa."

"Bwana mkubwa, nukta tisa tu! Hiyo si hata jasho la mikono yako?"

"Jasho langu halinunuliwi na serikali. Geuza, anika."

"Nimegeuza mpaka kiuno kimeota kutu!"

"Basi geuza na kiuno."

Akasogea hatua sita, kwenye lundo la Malkit. Hapo mnada ulikuwa unafika. Mnadi akapanda juu ya gunia, akapaza sauti yake ya kuuza hata mawe: "Malkit Kaur, mjane wa Jagtar Singh! Kumi nukta nane! Kavu kama maneno ya hakimu!"

Ikauzwa hapo hapo. Ngano ya kwanza ya soko zima kuuzwa kwa jina la mwanamke, mwaka huu. Wanaume wakageuka kumtazama. Malkit akavuta mtandio wake ukafunika paji la uso, lakini nilimwona. Alikuwa anatabasamu hadi masikioni, na mimi nikahisi mtu kanimwagia pilipili kifuani.

Kuuzwa si kumaliza. Ngano ikishanadiwa inangoja magunia, inapimwa, inashonwa, na mnunuzi anaweza kuichovya tena mashine muda wowote kabla haijapanda lori. Lala Deshraj akamwambia magunia yake yatafika saa kumi.

Malkit akaja nilipokaa. Mbele yangu mimi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, huongea akiangalia pembeni, ndivyo desturi ilivyo. Akaiangalia nguzo akasema:

"Shemeji, mwalimu wa mtoto ameniita. Nakuomba uniangalizie ngano. Nitarudi kabla ya kupima."

"Nenda. Nipo."

"Nimekuachia chapati kwenye kitambaa. Na achari ya maembe, ile unayoipenda."

Akaondoka. Nikala chapati zake tatu. Nilizila zote, jamani, ndiyo maana naona aibu zaidi.

Kama saa saba mawingu yakaanza kujikusanya upande wa magharibi. Redio ya muuza chai ikasema mvua kabla ya usiku. Turubai langu lina matundu mnayoyajua, niliwasimulia habari za panya. Mvua moja tu juu ya ngano ya nukta tisa, na ngano inakuwa chakula cha bata. Watoto wangu watakula nini mpaka mavuno ya mpunga?

Nikatazama lundo langu. Nikatazama lake. Yalikuwa sawasawa kwa ukubwa. Kumi na mbili nukta tisa huku, kumi nukta nane kule. Mimi shule niliacha darasa la sita, lakini hesabu hiyo iliniingia kichwani yenyewe, bila kuitwa. Ukichanganya nusu kwa nusu, yote mawili yanakuwa chini ya kumi na mbili. Langu linapita. Lake bado linapita. Nani kaumia?

Nani kaumia! Swali hilo ndilo lililonimaliza.

Soko lote lilikuwa limelala chini ya paa la bati. Nikamwendea Ramdhani, nyapara wa wapagazi, mtu wa Bihar anayekuja kwetu kila msimu na watu wake wanne.

"Ramdhani, amka. Kuna kazi ya chapuchapu."

Nilipomweleza, usingizi ukamtoka.

"Sardar ji," akasema, kwa jina la heshima wanalotuitia sisi Masingasinga, "ya yule mama imeshanadiwa. Ngano iliyonadiwa haiguswi."

"Ni nyumba moja. Mke wa mdogo wangu. Ameniachia niangalie."

"Kuangalia na kuchanganya ni kitu kimoja?"

"Wewe ni nyapara au hakimu?"

Akajikuna kichwa. "Haya. Lakini kuchanganya vizuri ni kugeuza kwa koleo mara tatu, nne. Ni kazi ya mchana mzima."

"Una saa moja. Wakiamka watu tumekwisha."

"Saa moja haitoshi, Sardar ji."

"Itatosha! Na uniapie hutamwambia mtu. Apa kwa watoto wako."

Akaketi vizuri. Kisha akaapa kwa wanawe wote watatu, mmoja mmoja, kwa majina. Mimi nikaridhika. Nilidhani nimenunua usalama, kumbe nilikuwa najichimbia kaburi na kulisakafia.

Saa nane na nusu mkaguzi akapita tena. Akachota kwenye lundo langu.

"Kumi na moja nukta saba. Ee! Umefanyaje?"

"Jua, bwana mkubwa. Na subira."

"Imepita."

Jamani, nilitaka kumbusu. Nikamnunulia chai kila aliyekuwa karibu, pamoja na sukari guru. Nikamrushia maneno Lala Deshraj: "Ile maiti imefufuka, Lala, imeomba chakula!" Akacheka, akaahidi magunia yangu yataletwa baada ya yale ya Malkit. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilicheka hadi machozi. Ningejua, ningeyatunza machozi yale kwa ajili ya saa kumi.

Saa kumi Malkit akarudi, mtoto wake mkononi na begi la shule. Magunia yakafika. Wapagazi wakaanza kujaza. Gunia la kwanza, la pili, la tano, safi. La tisa, yule anayeshika mdomo wa gunia akatumbukiza mkono akasita.

"Hii ya chini ina ubaridi."

Mkaguzi akaitwa. Akachota kutoka chini kabisa.

"Kumi na mbili nukta nane."

Akachota upande mwingine. "Kumi na mbili nukta tisa!"

Ramdhani alikuwa amesema ukweli, saa moja haikutosha. Katika lundo langu walijitahidi kugeuza, kwa sababu nilikuwa nimewasimamia. Katika lundo la Malkit walimwaga yangu, wakaitandaza, wakaifunika na yake ya juu, basi. Mimi ndiye niliyewahimiza: haraka, haraka.

Sasa sokoni kwetu jambo hilo lina jina. Tunaita kulivika lundo kilemba. Ngano kavu juu ya kuonyesha, mbichi chini ya kuuza. Ni wizi wa zamani kuliko paa la bati, na anayekamatwa huandikwa jina kwenye ubao wa langoni msimu mzima, kila anayeingia na trela alisome.

Watu wakajaa kama nzi kwenye muwa.

"Kilemba! Kavika kilemba!"

"Si ndiye huyu aliyenadiwa kavu kama maneno ya hakimu?"

"Mwanamke na mnada wapi na wapi. Msimu wa kwanza tu, na ujanja wa mababu kaujua!"

"Kafundishwa na nani?"

Malkit hakulia. Alipiga magoti akachota konzi ya ngano kutoka chini, akaifungua kiganjani juani.

"Hii si ngano yangu," akasema. "Yangu ni mbegu ya kwa baba yangu, punje fupi, nyekundu. Tazameni hizi. Ndefu, nyeupe. Hii si yangu!"

"Basi imeanguka kutoka mbinguni," mmoja akasema, wakacheka.

Baba mkubwa Bachittar Singh naye alikuwa sokoni siku hiyo, ameleta ngano yake. Watu wakampisha. Akafika na fimbo yake, akatazama magunia, akamtazama Malkit, akatikisa kichwa polepole, na mimi nikajua anachofikiria. Sharti.

Mtoto alikuwa ameng'ang'ania nguo ya mama yake. Ana macho ya Jagtar. Ndiyo yaliyonishinda.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti.

"Ni mimi nimechanganya! Malkit hana kosa! Nimechukua ngano yangu nikaitia kwake, yake nikaitia kwangu, saa saba, mmelala! Mwandikeni jina Nachhattar Singh ubaoni!"

Nikangoja mawe, matusi, makofi. Nilikuwa tayari. Baba mkubwa akanikaribia. Akaniwekea mkono begani. Na macho yake, haki ya Mungu, yalikuwa yamelowa.

"Mwanangu," akasema, "baba yako angekuwepo leo angejivuna."

"Ati nini?"

"Aibu ya mwanamke wa nyumba huibeba mkubwa wa nyumba. Hata mimi ningesema kama ulivyosema."

"Baba mkubwa, mimi sibebi aibu ya mtu! Ni aibu yangu!"

"Mnamsikia?" akawageukia watu. "Mnasikia mtu mwenye heshima anavyosema?"

Watu wakanung'unika kwa kukubali. Mzee mmoja akavua viatu akaja kunishika mikono. Muuza chai, ambaye miezi mitatu hajaitika salamu yangu, akasema kwa sauti: "Huyu ndiye Sardar!"

Nikahisi nawehuka. Umewahi kupiga kelele kwamba wewe ni mwizi, watu wakakuletea kiti?

"Muulizeni Ramdhani!" nikapiga kelele. "Ndiye aliyefanya kazi! Ramdhani, waambie!"

Ramdhani akasimama kando ya mizani, koleo mkononi. Akanitazama kwa huruma kubwa.

"Mimi sijui kitu, Sardar ji."

"Waambie! Nakufungua kiapo! Sema!"

"Niliapa kwa watoto wangu. Kiapo cha watoto hakifunguliwi na mtu." Kisha akagundua alichosema, akawageukia watu haraka. "Sikuona kitu. Nilikuwa nimelala."

Mwaka mzima natafuta mtu mmoja mwaminifu sokoni kwetu. Nikampata siku ile!

"Umeona?" Baba mkubwa akasema. "Hata mpagazi anajua unatafuta njia ya kumwokoa."

Malkit akasimama. Alisahau hata kuvuta mtandio.

"Baba mkubwa, si anasema mwenyewe? Kwa nini hamumsikilizi? Mimi sikuwepo! Nilikuwa shuleni, muulizeni mwalimu!"

"Ona sasa," mtu akasema nyuma. "Amefunikwa nguo, naye anamvua aliyemfunika."

"Simvui mtu! Nasema alichosema yeye!"

"Nyamaza, binti," akasema Baba mkubwa, si kwa ukali. Hilo ndilo baya. Hakuwa mkali hata kidogo.

Lala Deshraj akaingilia, kwa sauti ya mtu anayesuluhisha. "Nachhattar, hebu tutumie akili. Ngano yako imepita, kumi na moja nukta saba. Mwenye ngano kavu atachanganya ya nini?"

"Asubuhi ilikuwa nukta tisa! Mkaguzi, si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima," mkaguzi akasema. "Lakini jua la leo lilikuwa kali. Na wewe mwenyewe uliniambia ni jua na subira."

Nilimwambia. Kwa mdomo huu huu.

Ndipo nikakumbuka punje. Nikakimbilia lundo langu, nikatumbukiza mikono yote miwili, nikachota. Zilikuwemo! Nyekundu, fupi, za kwa baba yake Malkit, zimejaa tele katikati ya zangu nyeupe. Mtoto mdogo angeziona. Nikageuka nikiwa nimezishika juu, nikafungua mdomo.

Lala Deshraj alikuwa ameshafika ubavuni mwangu. Akaegemea kama anayenifuta vumbi, akaninong'oneza sikioni.

"Fumba kiganja, mjinga wewe. Ukiwaonyesha, lundo lako nalo linakataliwa. Tazama juu."

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa limefika juu ya paa. Magunia yangu yalikuwa yamerundikwa pale pale, mapya, yananingoja.

Sasa hapa nataka mnisikie vizuri, hasa yule mama aliyeniandikia. Ile ya saa saba niliifanya kwa ujinga. Hii sikuifanya kwa ujinga. Nilifumba kiganja. Nikakishusha. Nikanyamaza, kwa muda wa mtu kunywa nusu kikombe cha chai. Nilikuwa nafikiri: ngoja ya kwangu ishonwe kwanza, kisha nitasema. Dakika kumi tu. Itakuwa imeshauzwa, nitasema kila kitu, nitaapa hata hekaluni.

Nilipoinua macho Malkit alikuwa ananitazama. Hakuitazama nguzo. Alinitazama mimi, kisha akaitazama ngumi yangu, na punje mbili tatu nyekundu zilizokuwa zinaponyoka katikati ya vidole.

Angesema, nani angemsikiliza?

Baba mkubwa akagonga fimbo chini. "Tusijaze watu hapa. Tulikubaliana mbele ya wazee. Malkit, ngano yako imekataliwa, jina lako litakwenda ubaoni. Nitamwomba Lala lisikae msimu wote. Shamba linarudi kwa Nachhattar, na baada ya niliyoyasikia leo, sioni mahali pazuri zaidi. Ufunguo wa pampu uko wapi?"

Ekari mbili bila pampu ni vumbi. Anayeshika ufunguo ndiye anayelima.

Malkit akakamata ncha ya mtandio wake. Fundo lilikuwa gumu, mtoto akamsaidia kwa meno. Ufunguo ukatoka. Akauweka kwenye kiganja cha Baba mkubwa, si changu.

Mzee akaninyooshea. "Pokea, mwanangu. Na usimtupe, umlishe yeye na mtoto."

"Shemeji."

Alikuwa Malkit. Aliniita polepole, lakini watu wote waligeuka, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu, uso wazi, hatua moja tu.

"Kusema umeshasema," akasema. "Hawakusadiki, si kosa lako. Mimi nimekusadiki. Sasa fanya jambo moja dogo, halitaki shahidi, halitaki kiapo. Kama ulichosema ni kweli, usiupokee huo ufunguo."

Tone la kwanza likaanguka juu ya lundo langu. Wapagazi wakanitazama, magunia mikononi, wakingoja amri. Lala Deshraj akakohoa. Mkono wa Baba mkubwa ulikuwa bado umenyooshwa, ufunguo kiganjani. Nyuma yake mtoto wa Jagtar alikuwa anaokota madaftari yaliyomwagika kwenye begi.

Nikawaza ekari mbili, maji matamu, mpaka mmoja na zangu. Nikamuwaza Jagtar.

Nikanyoosha mkono, nikaupokea ufunguo.